Nina C+ na nataka kusomea ustawi wa jamii, lakini baba asema ni kazi ya kujitolea

Swali: "Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19 kutoka Likoni. Nilimaliza kidato cha nne nikapata C+. Nataka kusomea ustawi wa jamii chuo kikuu, ila baba hataki hata kusikia. Asema hiyo ni kazi ya kujitolea, na ni heri nisomee ualimu. Naomba unieleze husomwa nini hasa, kazi ziko wapi hapa Mombasa, na kama ni lazima digrii au diploma yatosha. Tena mimi ni mkimya sana, sijui kama kazi hii nitaiweza."

Marahaba, mwanangu. Mpe babako salamu zangu kwanza, maana hoja yake ina mashiko. Mzee aliyeishi Likoni miaka yote hiyo amewaona vijana waliovaa fulana za mashirika wakipita nyumba hadi nyumba na madaftari yao. Mwaka huu wapo, mwaka ujao mradi umekwisha nao wamerudi maskani. Akisema ni kazi ya kujitolea, anasema alichokiona kwa macho yake.

Ila hiyo ni sehemu ya kazi inayoonekana barabarani. Sehemu nyingine iko kortini, wodini na katika ofisi za serikali, ambako mtu wa kawaida haingii mpaka apatwe na jambo. Wanafunzi wanaponiuliza shirika gani linaajiri, huwaambia waulize swali jingine: ni wapi utaratibu hauwezi kusonga mpaka mtu wa ustawi aandike ripoti na kutia saini? Kazi ya hapo ina mizizi. Kwingineko wategemea mfadhili, na mfadhili ana mambo yake.

Chukua watoto. Pale Tononoka kuna mahakama ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuweza kubeba lawama ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huhesabiwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Sasa mfikirie kijana wa miaka 15 aliyekamatwa Kongowea na simu ya wizi. Hakimu hatosheki na kujua kama aliiba. Ataka kujua anaishi na nani, aliacha shule lini na kwa nini, aliyeibiwa asemaje, na huko nyumbani kuna mtu mzima wa kumshika mkono. Majibu hayo hayapatikani kortini. Lazima mtu afunge safari hadi nyumbani kwao, akae mkekani, amsubiri mama arudi kutoka kuuza viazi karai, azungumze na jirani, apite kwa mwalimu mkuu na kwa chifu, kisha arudi aandike kurasa chache zilizonyooka. Kurasa hizo zina uzito mkubwa katika kuamua kama kijana atarudi nyumbani chini ya uangalizi au atapelekwa Borstal ya Shimo la Tewa, yaani gereza la kuwarekebisha vijana.

Anayeziandika ni afisa wa watoto au afisa wa probesheni (anayewasimamia wakosaji walioachwa nje ya jela), na wote wawili ni watumishi wa serikali. Probesheni wana watu wazima pia. Tangu sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, mtu aliyetenda kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3 aweza kuamriwa afagie hospitali au afanye kazi nyingine ya umma badala ya kwenda jela, na kabla ya amri hiyo afisa huchunguza kama anafaa. Kazi hizi hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Hazitangazwi kila mwezi, na waombaji ni wengi, lakini ukiingia umeingia.

Hapo hapo kwenye watoto kuna badiliko ambalo wengi wanaochagua kozi hii hawajalisikia. Pwani yetu imejaa makao ya watoto, mengi yamekua kwa pesa za wageni waliokuja kutalii wakaguswa. Ukichunguza utakuta watoto wengi walio mle wana mama au baba hai, au shangazi ambaye angewachukua lau angepata msaada mdogo. Serikali iliamua kugeuza mwelekeo: mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye taasisi warudi kwenye familia. Kwa hiyo ukiwa na ndoto ya kuajiriwa kwenye nyumba ya mayatima, ifikirie tena. Ujuzi unaohitajika sasa ni wa kumtafuta jamaa wa mtoto, kuipima nyumba kama inafaa, kuandaa pande zote mbili, kumrudisha, na kufuatilia miezi mingi baadaye. Mtoto aliyerudishwa bila kufuatiliwa mara nyingi utamkuta tena kwenye steji ya Buxton.

Na hapa binti wa Mombasa ana faida yake. Sheria hiyo ya 2022 imeitambua kafala, yaani Mwislamu kumlea mtoto asiye na mlezi kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, bila kumbadilisha nasaba. Miaka yote watu wetu walikuwa wakilea hivyo, na faili za serikali hazikuwa na mahali pa kuliandika. Afisa anayejua kuketi na imamu, mzee wa mtaa na bibi mzaa mama bila kuwakwaza, akajua pia jambo lipi ni la kadhi na lipi ni la Tononoka, atamaliza kwa wiki kesi ambayo mgeni ataizungusha mwaka mzima. Chuoni hawatakufundisha hilo. Kwenu Likoni tayari umeanza kulisoma.

Hospitali nayo. Hospitali Kuu ya Pwani, ile watu wa mjini bado waiita Makadara, ina ofisi ya ustawi wa jamii. Mgonjwa amepona, hana pesa, wodi imejaa: nani atachunguza kama kweli hana au anaficha? Mwingine ameokotwa barabarani hajui jina lake. Mzee ameletwa na wanawe, wakazima simu. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mezani kwao pia hufika watu ambao hawakujiandikisha mpaka ugonjwa umewafika shingoni. Hospitali hiyo ina kituo cha waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na huko mtu wa ustawi akikosea dakika za mwanzo, madhara hayarekebishiki. Dawa ya kuzuia HIV lazima ianzwe ndani ya saa 72. Msichana ataka kuoga kwanza na mama ataka kufua zile nguo, kisha kina babu wanakuja na habari ya kuyamaliza kinyumbani. Wewe ndiye wa kusema kwa upole usiotikisika: hospitali kwanza, nguo zisifuliwe, na kosa hili si la kumalizwa kwa vikao vya ukoo. Sheria ya Makosa ya Ngono ipo tangu 2006, lakini vikao vile bado vipo.

Halafu kuna unga. Sidhani kuna familia ya Kisiwani, Kisauni au Likoni isiyo na jamaa au jirani aliyeguswa na heroini. Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilianza Kenya mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafika Malindi mwaka uliofuata, na leo kuna kliniki Kisauni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Dawa yenyewe huhitaji dakika chache tu. Kazi ngumu ni ya saa zinazobaki: nani atamtafuta aliyekosa siku mbili, nani atazungumza na mama aliyekwisha kumfukuza, nani atamtafutia kibarua ili asirudi kule kule. Mashirika ya hapa kama Reachout na MEWA yamefanya kazi hiyo kwa miaka, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina kituo chake cha tiba Miritini. Ukipenda upande huu, ongeza mafunzo ya ushauri nasaha na ujisajili, maana washauri wana sheria yao tangu 2014 na si ruhusa mtu kujiita mshauri hivi hivi.

Nyingine nazipita haraka. Idara ya maendeleo ya jamii husajili vikundi, na tangu sheria ya vikundi ya 2022 kila chama cha akina mama kinachotaka kutambuliwa hupitia huko. Idara hiyo pia hushughulikia Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimu miaka 70, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Kaunti ina ajira zake kupitia bodi yake. Ukiwa tayari kuhama Pwani, Dadaab na Kakuma huhitaji watu wa kusimamia kesi za wakimbizi, na wanaojua Kisomali husikilizwa mapema. Kuna pia wasichana wanaorudi kutoka Ghuba wakiwa wameumizwa mwili na moyo. Sheria ya kupambana na usafirishaji wa binadamu ni ya 2010, na wanaoijua vyema ni wachache.

Mashirika sasa, maana hapo ndipo wahitimu wengi huanzia. Yapo yaliyodumu: Solwodi ilianzishwa hapa hapa Mombasa mwaka 1985 na Sista Lea Ackermann kwa ajili ya wanawake walionaswa na biashara ya ngono, na ingali ipo. Lakini mikataba kwa jumla ni ya mwaka, ikibahatika miwili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya HIV nchini ilitikisika na watu wenye digrii nzuri waliambiwa wabaki nyumbani. Babako akilisema hilo usibishane naye. Mwambie kwamba shirika utalitumia kupata uzoefu huku ukiomba kila tangazo la Tume na la kaunti linalotoka. Na akirudia habari ya ualimu, muulize kwa adabu ni vijana wangapi wa mtaani wana shahada ya ualimu na bado wanaingoja TSC, tume inayoajiri walimu. Simaanishi ualimu ni mbaya. Namaanisha foleni iko kote kote.

Utajiri hamna. Mshahara wa afisa wa serikali utakulisha, utakulipia nyumba ya kadiri na kumsomesha mdogo wako, basi.

Umeuliza husomwa nini. Miaka minne. Utapita kwenye sosholojia, saikolojia, ukuaji wa binadamu, sheria na sera, ushauri nasaha, uendeshaji wa mashirika, na utafiti pamoja na takwimu zake. Hizi takwimu huwashtua wengi waliodhani hii ni kozi ya watu wenye huruma tu. Uti wa mgongo ni njia tatu: kufanya kazi na mtu mmoja na familia yake, kufanya kazi na kundi, na kuiamsha jamii nzima ijitatulie tatizo lake. Mwaka wa kwanza utasikia sana habari za Jane Addams na nyumba yake ya Hull House, Chicago, 1889, na za Mary Richmond aliyeandika mwaka 1917 jinsi ya kuchunguza hali ya mtu kabla ya kumsaidia. Wasome vizuri, walifikiri sana. Ila usikubali kumaliza kozi ukiijua Chicago kuliko Jomvu. Mhadhiri akizungumzia rasilimali za jamii, muulize zaka, sadaka, chama na harambee vinaingia wapi, kwa sababu mteja wako atakuja kwako baada ya kubisha milango hiyo yote.

Digrii au diploma? Kwa C+ umefikia kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, lakini kufikia kiwango si kupewa nafasi. Kuna alama za masomo mahususi, na kozi moja hupishana kutoka chuo hadi chuo. Diploma huanzia C-. Maoni yangu ni haya: ukipata nafasi ya digrii ichukue, kwa kuwa nafasi nyingi za serikali zenye njia ya kupanda huitaka, na ukija kutamani kwenda nje, tuseme Uingereza, wasajili wa kule hutaka shahada inayolingana na yao. Lakini ukikosa, usikae nyumbani mwaka mzima unalia. Diploma ya chuo kilichoidhinishwa, ukaifuata na kazi na baadaye digrii, imewafikisha mbali watu ambao leo ni wakubwa zangu. Kilicho hatari ni kulipia cheti cha chuo kisichotambuliwa kwa sababu kiko karibu na stendi na bei yake ni nafuu. Angalia kwenye tovuti ya KUCCPS, na kwa vyuo vya ufundi uliza kama TVETA, mamlaka inayovisimamia, inakitambua chuo chenyewe. Soma jina la kozi kwa makini: maendeleo ya jamii, sosholojia na ustawi wa jamii ni ndugu, na matangazo mengi ya kazi huwakubali wote, lakini kozi ya ustawi ndiyo yenye saa nyingi za mafunzo ya nyanjani. Omba pia mkopo wa masomo wa serikali kutoka HELB mapema. Mfumo wa ufadhili wa tangu 2023 hutazama hali ya familia, kwa hiyo jaza ukweli wa nyumbani bila kuona haya.

Jambo ambalo ningekuhimiza kuliko yote ni atachimenti, yaani mafunzo ya kazini wakati wa masomo. Wanafunzi wengi huichukulia kama adhabu, wakaenda ofisi iliyo karibu na kwao, wakatumwa chai na fotokopi, wakagongewa muhuri. Wewe ipange kama unavyopanga arusi. Mwaka wa pili nenda mahali pa watoto au probesheni, mwaka wa tatu hospitalini au kwenye tiba ya dawa za kulevya, ili ujue moyo wako unatulia wapi. Omba uandike rasimu ya ripoti hata kama haitatumika, umpe afisa aikosoe. Omba uende ziara za nyumbani. Nimekaa kwenye meza za usaili, na anayeweza kueleza kesi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kutaja jina la mteja, huwaacha mbali wenye alama nzuri na maneno ya vitabuni. Na usingoje chuo. Idara ya watoto ina watu wa kujitolea mitaani wanaosaidia kuripoti na kufuatilia. Nenda ofisi ya watoto ya Likoni ukaulize utaratibu. Ndiyo, ni kujitolea, babako atacheka. Mwache acheke.

Likoni ndiko kutakupa mtihani mwingine. Kwenu kila mtu anamjua mwenziwe. Siku moja faili litafunguka ndani kuna jina la binamu yako, au la mwanamume anayeswali safu moja na babako. Ya kwanza, unamwambia msimamizi na unaitoa kesi mikononi mwako. Ya pili, husemi nyumbani, wala kwa fumbo, wala kwa "kuna mtu fulani simtaji". Siri ya mteja ina mipaka: mtoto akiwa hatarini, au mtu akitishia kujiua au kuua, lazima useme panapostahili, na mteja aambiwe mipaka hiyo siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Zawadi nazo zina njia zake. Kikombe cha chai nyumbani kwa mtu kunywa, kukikataa ni dharau. Bahasha baada ya ripoti irudishe palepale, mbele ya shahidi.

Kazi hii huchosha kwa namna yake. Utarudi nyumbani na sura za watu. Chagua mwajiri ambaye wasimamizi wake huketi na wafanyakazi kuzizungumza kesi ngumu. Uliza hilo kwenye usaili, nao watajua unajua unaloliuliza. Ziara ya nyumba usiyoijua usiende peke yako, na ofisi ijue uko wapi na utarudi na feri ya saa ngapi.

Kuhusu ukimya wako, mimi ningekuajiri. Anayezungumza sana huwamalizia wateja sentensi zao, na mtoto aliyeumizwa huongea na mtu anayeweza kuvumilia kunyamaza. Tatizo liko upande mmoja tu, mahakamani, ambako hakimu atakuuliza na wakili atakubana mbele ya watu. Hilo lajifunzika. Jiunge na kikundi cha mijadala chuoni, na ripoti zako uzisome kwa sauti kabla ya kuziwasilisha, mpaka usiogope kuisikia sauti yako ikisema "sipendekezi mtoto huyu arudishwe".